Fundi, AC inapuliza joto! Maswali yenu ya mwezi huu

Maswali ya breki na gia yatasubiri, mwezi huu ni AC tu maana ndo zimejaa, na karibu kila barua ina sentensi ile ile ndani yake: "fundi kasema gesi imeisha". Wengine mmeshajaza, mmejaza tena, na bado mnaendesha vioo vimeshushwa. Twende moja moja. Barua nimezifupisha ila maneno ni yenu.

Habari fundi. AC yangu ilianza kupuliza hewa ya kawaida, nikajaziwa gesi ikawa barafu kabisa nikafurahi, baada ya mwezi na kitu ikarudi vile vile, nikajaziwa tena, sasa hivi tena ni joto. Fundi wangu anasema gesi ya AC ndo ilivyo, inaisha kama petroli. Ni kweli? – Nimechoka kujaza

Sio kweli ndugu yangu, na huyo aliyekwambia hivyo ama hajui ama anakutengenezea sababu ya kurudi kwake. Petroli inaungua. Gesi ya AC haiungui wala haitumiki popote, inazunguka humo humo kwenye mabomba miaka nenda rudi. Kompresa inaibana inakuwa moto yenye presha kubwa, inaenda kwenye kondensa, ile kama rejeta nyembamba iliyo mbele kabisa ya gari, inapoa pale na kugeuka kimiminika, inapita kwenye draya inayonyonya unyevu, halafu inafika kwenye tundu dogo la ekspansheni valvu ambapo presha inashuka ghafla na inaanza kuchemka ndani ya evaporeta, ile iliyojificha nyuma ya dashbodi. Ndio, kuchemka. Gesi ya R-134a, ile iliyo kwenye AC za magari mengi, kwenye presha ya hewa ya kawaida inachemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri, na kimiminika kikigeuka mvuke kinabeba joto la kitu kilicho karibu nacho, ndo maana nesi akikupaka spiriti kabla ya sindano unasikia ubaridi. Blowa, ile feni ya ndani ya dashbodi, inapitisha hewa kwenye evaporeta hiyo, wewe unapata baridi, gesi inarudi kwa kompresa, inaanza upya. Hamna hatua hata moja hapo ambayo gesi inaliwa.

Kwa hiyo ikipungua ujue imetoka. Gari iliyokaa miaka mingi bila kuguswa, gesi kupungua kidogo ni kawaida kwa sababu inapenya taratibu kwenye hozi za raba na kwenye sili. Lakini mwezi na kitu? Hapo pana mahali panavuja, na kujaza bila kupatafuta ni kutwanga maji kwenye kinu.

Sasa panatafutwaje. Kabla hata ya kushika geji (kipimo cha presha ya gesi), fungua boneti na tochi. Gesi inasafiri pamoja na oili ya kompresa, kwa hiyo panapovuja mara nyingi panakuwa na kijasho cha mafuta kilichoshika vumbi, doa jeusi lenye unyevu wakati bomba lote la jirani ni kavu. Angalia viungio vya mabomba (ndani yake mna oringi, zile raba za mviringo zinazokauka na kupasuka), angalia mbele ya kompresa pale pulii inapozunguka, angalia uso wa kondensa maana yenyewe ndo inapokea mawe yote ya barabarani, na usisahau vile viziba viwili vya plastiki vya sehemu ya kuchajia. Fungua kiziba, weka povu la sabuni juu ya kile kivalvu kidogo kinachofanana na cha tairi. Povu likivimba umeshampata mwizi, na ni kitu kidogo sana kubadilisha.

Kama macho hayajaona kitu, kuna rangi maalum inayochanganywa na gesi, unaendesha siku kadhaa halafu unamulika na taa ya UV, penye kuvuja panang'aa kijani cha njano. Au fundi ajaze naitrojeni kavu kwenye mfumo mtupu, afunge, apake povu kila kiungo na asikilize. Naitrojeni, sio upepo wa kujazia matairi, ule una unyevu, na usimruhusu mtu kabisa kutumia oksijeni ya kuchomelea maana oksijeni yenye presha ikikutana na oili inalipuka, hilo halina mjadala. Evaporeta ndo ngumu kuliko zote kwa sababu haionekani, pale inabidi kuingiza sensa ya kunusa gesi kwenye tundu la hewa au kwenye mpira wa kutolea maji.

Ikishazibwa ndo mnakuja kwenye gesi, na hapa angalia fundi wako anafanya nini. Anatakiwa apige vakyumu kwanza, yaani anyonye mfumo kwa pampu, nusu saa au zaidi, ili hewa na unyevu vyote vitoke, halafu azime pampu na kuiacha geji imesimama kidogo kuona kama sindano inapanda. Ikipanda bado kuna shida. Isipopanda usishangilie sana, kuna matundu madogo ambayo hayaonekani kwenye vakyumu ila yanavuja presha ikiingia. Halafu apime gesi kwa mzani. Kwa mzani, narudia! Chini ya boneti kuna stika inayosema aina ya gesi na gramu ngapi, gari ndogo nyingi ziko kati ya 400 na 600. Mtu anayejaza kwa kutazama geji tu anabahatisha, kwa sababu injini ikiwa imezimwa na joto la nje ni nyuzi 30, geji ya R-134a itasoma karibu psi 97 iwe ndani kuna gesi ya kutosha au imebaki kidogo, mradi tu kuna kimiminika chochote humo. Geji inakupa presha. Uzito unaupata kwenye mzani.

Fundi mimi AC yangu nikiwa natembea ni baridi safi, nikifika kwenye foleni inaanza kupuliza vuguvugu, nikitembea tena inarudi. Nimeambiwa niongeze gesi kidogo. – Dereva wa foleni

Usiongeze chochote kwanza. Dalili yako kwa asilimia kubwa inaelekeza kwenye kondensa kushindwa kutoa joto. Ukitembea upepo unaipiga wenyewe, ukisimama inategemea feni, na kama feni haizunguki au inazunguka kivivu, presha inapanda, gesi haigeuki kimiminika vizuri, baridi inapotea. Ukiongeza gesi juu ya hapo presha inapanda zaidi mpaka swichi inaikata kompresa kujilinda, utakuwa umelipa ili upate joto.

Jaribu hivi. Gari imesimama, injini inawaka bila kukanyaga mafuta, washa AC baridi ya mwisho, shuka ukaangalie feni za mbele. Gari nyingi zinawasha feni hapo hapo au baada ya muda mfupi presha ikipanda. Hamna kitu? Angalia fyuzi, angalia rilei (kale kaswichi ka kwenye boksi la fyuzi kanakowashwa kwa umeme), mpe fundi umeme aipe feni moto moja kwa moja kutoka kwenye betri aone kama inazunguka. Mikono na nguo mbali, feni inaweza kuanza yenyewe bila kukuaga.

Kama feni ipo na inazunguka, chukua maji ya kawaida kwenye ndoo uimwagie kondensa taratibu kupitia grili ya mbele, mwenzio akae ndani na mkono kwenye tundu la hewa. Hewa ikibadilika kuwa baridi baada ya kumwagia, jibu umelipata, joto halitoki. Inaweza kuwa uchafu, hasa ule unaojazana katikati ya kondensa na rejeta ambako huwezi kuona kwa mbele, majani, vumbi, manyoya, wadudu, vyote vinakaa pale. Oshea maji ya presha ndogo, ukiielekezea mashine ya kuoshea magari kwa karibu unalaza zile mbavu nyembamba na hapo umeziba kabisa.

Na kuna moja watu wanaisahau: gari iliyowahi kubadilishwa feni na waya zikageuzwa. Feni inazunguka, inapiga kelele vizuri tu, ila inapuliza kinyume, inapigana na upepo. Weka kipande cha karatasi mbele ya grili, kinatakiwa kivutwe kuelekea kwenye gari. Kikisukumwa, geuza waya.

Halafu tupia jicho geji ya joto la injini pia maana kwenye gari nyingi feni ni zile zile zinazopoza rejeta.

Mimi nimeambiwa kompresa imekufa ninunue nyingine. Nikibonyeza AC sisikii ule mlio wa "tak" niliouzoea. Kabla sijatoa hela nataka kujua kwa hakika. – Mama wawili

Dada umefanya vizuri sana kuuliza kabla, maana kompresa ndo kitu cha kwanza kutajwa na mara nyingi sio yenyewe. Kule kusikia "tak" ni klachi ya kompresa, sahani ya mbele inayovutwa na sumaku ya umeme ili kompresa izunguke na mkanda. Isipovutwa maana yake kuna mmoja kati ya watu wengi hajatoa ruhusa.

Wa kwanza ni gesi yenyewe. Mfumo una swichi au sensa ya presha, gesi ikiwa chini sana inakataa kuwasha klachi ili kompresa isijisage bila oili. Kwa hiyo gari isiyo na gesi kabisa inaonekana kama ina kompresa iliyokufa, kumbe inajilinda. Fundi apime presha kwanza na injini imezimwa, ni kazi ya dakika chache. Akisoma karibu na sifuri, hadithi yako inahamia kwenye jibu la kwanza hapo juu.

Gesi ikiwepo, fuata umeme. Fyuzi. Rilei, na hii unaweza kujaribu mwenyewe, kwenye boksi la fyuzi mara nyingi rilei ya AC inafanana kabisa na ya honi, badilishana uone, ila hakikisha namba zilizoandikwa juu yake ni sawa. Halafu multimita (kipimo cha umeme) kwenye soketi ya klachi: AC ikiwa imewashwa, je, volti 12 zinafika? Zinafika na klachi haivuti, basi koili imeungua au nafasi kati ya sahani na pulii imekuwa kubwa. Kwenye kompresa nyingi nafasi hiyo ni kama nusu milimita, na sahani ikilika inazidi. Hiyo ina dalili yake, asubuhi AC inafanya kazi, injini ikipata moto klachi inaachia, kwa sababu koili ikipata joto sumaku inapungua nguvu. Kuna klachi ambazo unatoa washa moja (kipete chembamba cha chuma) nyuma ya sahani na nafasi inarudi. Kompresa nzima, ubaridi umerudi, hakuna kilichonunuliwa.

Volti hazifiki kabisa? Basi tafuta nani anakata, inaweza kuwa swichi ya presha, sensa ya joto la evaporeta, au kompyuta ya gari yenyewe. Injini ikipata moto kupita kiasi, kompyuta ya gari nyingi inakata AC makusudi. Apime na mashine asome code za makosa, asipige ramli.

Kompresa iliyokufa kweli ina ushahidi. Inapiga kelele ya chuma, au imeganda huwezi kuizungusha kwa mkono (injini imezimwa na ufunguo umetoa, tafadhali), au inazunguka vizuri ila geji za pande mbili zinakaribia kulingana, yaani haisukumi. Muulize fundi wako kati ya hayo ameona lipi. Akianza kujiuma uma, tafuta wa pili.

Ila angalizo: gari nyingi za siku hizi kompresa haina klachi kabisa, pulii inazunguka muda wote na kuna valvu ya umeme inayoamua isukume kiasi gani. Hizo hutasikia "tak" hata zikiwa nzima kama mpya. Kwenye hizo valvu hiyo ndo inakufa mara nyingi, na kwenye baadhi inauzwa peke yake.

Nilibadilisha kompresa, ikafanya kazi wiki chache ikakwama tena. Muuzaji anasema fundi ameua, fundi anasema muuzaji kaniuzia feki. Nimlaumu nani? – Nipo katikati

Sijaiona gari kwa hiyo siwezi kumfunga mtu, ila nitakwambia cha kuuliza, na kwa mtindo huu mimi namwangalia fundi kwanza.

Kompresa ikijisaga, unga wa chuma unasambaa na gesi mpaka kwenye kondensa, draya na ekspansheni valvu. Ukifungua bomba unakuta oili nyeusi au ya kijivu inayong'aa ng'aa, ukiisugua kwa vidole unahisi mchanga laini. Sasa mtu akifunga kompresa mpya juu ya huo uchafu bila kugusa kitu kingine, ule unga unarudi moja kwa moja kuitafuna mpya. Kuflashi, yaani kuosha ndani ya mabomba, kunasaidia kwenye mabomba, lakini kondensa za sasa zina vinjia vyembamba sana vilivyolala sambamba na uchafu ukikwama humo hautoki, unabadilisha. Draya unabadilisha kila ukifungua mfumo kwa kazi kubwa, sio hiari, kwa sababu chembe zake za kunyonya unyevu zikishashiba kwenye hewa ya nje hazina kazi tena.

Halafu oili. Kompresa nyingi mpya zinakuja na oili ndani, nyingine kavu, nyingine zina oili ya kuhifadhia tu inayotakiwa kumwagwa. Fundi alipima iliyotoka kwenye ya zamani? Aliweka aina gani? Oili kidogo kompresa inakauka, oili nyingi inajaa kwenye evaporeta na kondensa baridi inapungua. Na vakyumu je? Unyevu ukibaki ndani unachanganyika na gesi na oili, unatengeneza asidi inayokula kimya kimya.

Muulize hayo manne: draya, kondensa, oili, vakyumu. Akiyajibu yote bila kusita na vifaa vya zamani anavyo vya kukuonyesha, hapo ndo umgeukie muuzaji.

AC inaanza baridi kabisa, baada ya nusu saa au saa hewa inakuwa nyembamba kama inakabwa, nikizima dakika kumi nikiwasha inarudi. – Msafiri wa mbali

Sentensi yako ina neno moja la thamani, "nyembamba". Hewa ikipungua nguvu wakati blowa bado inanguruma, evaporeta imeganda barafu, hewa haina pa kupita. Ukizima barafu inayeyuka, ndo maana inarudi, na ukiangalia chini ya gari wakati huo utaona maji mengi yanamwagika. Chanzo cha kwanza ni kabin filta, chujio la hewa ya ndani ya gari, iliyoziba, na hii ni ya kwako mwenyewe, gari nyingi iko nyuma ya droo ya mbele ya abiria, inatoka bila spana. Wapo watu wameendesha miaka hawajui kama ipo, ikitolewa ni zulia! Filta ikiwa safi, mshuku sensa ya joto ya evaporeta, inayotakiwa kukata kompresa kabla barafu haijashika, au gesi kupungua.

Ila kama hewa ingebaki na nguvu ile ile na ikabadilika tu kuwa ya joto, halafu ikarudi baridi, halafu joto, ningekwambia ni unyevu ndani ya mfumo unaganda kwenye tundu la ekspansheni valvu na kuyeyuka. Dawa yake ni draya mpya na vakyumu ya kutosha.

Upande wa dereva baridi, upande wa abiria joto. Inawezekanaje gari moja? – Abiria wa mbele

Inawezekana sana. Kama gari ina joto la pande mbili tofauti, kuna vibao ndani ya dashbodi vinavyochanganya hewa ya heta na ya AC, na kila kimoja kina kimota chake. Kimota kikifa kibao kinaweza kubaki upande wa heta. Ukisikia tiki-tiki-tiki ndani ya dashbodi ukiwasha gari, ni meno ya kimota yameisha. Kama hakuna mlio, pima gesi, maana gesi kidogo inapoza kipande tu cha evaporeta na upande mmoja unakosa.

Nimeona kopo la gesi la kujijazia mwenyewe, linasema pia linaziba panapovuja. Vipi, nijaribu? – Napenda kujifanyia

Kujifanyia sina tatizo nako, tatizo langu ni hiyo ya kuziba. Ile dawa haijui tundu lipi ni la kuvuja na lipi ni la kazi, inaweza kuganda kwenye ekspansheni valvu, na fundi mwenye mashine nzuri ya kunyonya gesi akijua ipo ndani anaweza kukukatalia gari kwa sababu inamharibia mashine. Mimi binafsi siiweki.

Ukitaka kuongeza gesi ya kawaida, soma stika kwanza. Zamani ilikuwa R-12, ikaondolewa baada ya Mkataba wa Montreal wa 1987 kwa sababu inatoboa tabaka la ozoni, magari yakahamia R-134a miaka ya 90, na sasa mengi mapya yanatumia R-1234yf, Umoja wa Ulaya umeilazimisha R-134a kutoka kwenye magari yote mapya tangu 2017. Hazichanganywi. Na kuna makopo ya "mbadala" ambayo ndani ni propani na ndugu zake, yanapoza kweli, ila unakuwa umeweka gesi ya jikoni mbele ya injini na nyuma ya dashbodi, kwenye mfumo ambao haukutengenezwa kwa ajili hiyo.

Jaza upande wa presha ndogo tu, bomba nene, injini ikiwa inawaka. Upande wa presha kubwa unaweza kurudisha presha ndani ya kopo likakupasukia mkononi. Vaa miwani na glavu, gesi ikiruka kwenye jicho inagandisha. Usivute sigara karibu wala kuchomelea, gesi hizi zikipita kwenye moto zinatoa hewa yenye sumu kali.

Gari yangu ni haibridi, fundi wa mtaani anasema AC ni AC tu, hazina tofauti. – Mwenye Prius

Zina tofauti, na hii nakuomba usiipuuze. Kompresa yako haizungushwi na mkanda, inazungushwa na umeme wa betri kubwa, volti mia na kitu mpaka mamia, nyaya zake ni za rangi ya chungwa. Usiziguse wewe na asiziguse mtu asiyejua kuzima mfumo huo. Pili ni oili. Kompresa za mkanda zinatumia oili ya PAG, yako ina nyaya za mota zinazoogelea ndani ya oili, kwa hiyo inataka oili isiyopitisha umeme, aina ya POE iliyotajwa na mtengenezaji. Kiasi kidogo tu cha PAG kikiingia, hata kile kilichobaki kwenye hozi za geji za fundi kutoka gari iliyopita, kinga ya umeme inashuka, gari inaweza kuonyesha kosa la umeme kuvuja na kukataa kuwaka. Muulize fundi wako ana hozi za peke yake za haibridi? Akicheka, washa gari uondoke.

Zulia la mbele upande wa abiria limelowa kila nikitumia AC, na AC yenyewe inapoza vizuri. Ni gesi inavuja? – Miguu imelowa

Gesi hailowanishi zulia. Ni maji tu, unyevu wa hewa unaogeuka matone kwenye evaporeta, yanatakiwa yatoke kwa mpira mdogo chini ya gari. Ukiona gari inadondosha maji masafi ukiegesha, furahi, ni afya. Yako mpira umeziba kwa uchafu, fundi aupate chini ya gari upande wa mbele ya miguu ya abiria na auzibue kwa upepo mdogo au kijiti laini, asichomeke bisibisi ndefu kwa nguvu maana evaporeta iko hapo hapo. Ila kabla ya yote onja kwa pua: maji yakiwa na harufu tamu tamu, yananata, na kioo cha mbele kinapata ukungu wa mafuta, hiyo ni kulanti (maji ya kupozea injini) ya heta inavuja, kazi nyingine kabisa.

Swali dogo tu, gari ikikaa juani niwashe AC na vioo vimefungwa au vimefunguliwa? – Wa juani

Fungua vioo kwanza, tembea dakika moja mbili na AC ikiwa inawaka, hewa ya ndani ni ya moto kuliko ya nje kwa hiyo itoe. Halafu funga vioo na ubonyeze kile kitufe chenye mshale unaozunguka ndani ya gari, AC ipoze hewa iliyokwisha kupoa badala ya kuvuta joto jipya kila sekunde. Safari ndefu kifungue mara moja moja, hewa ya ndani inachoka na usingizi unakuja.